Canter ya matairi pacha: kutoka 7.00-16 kwenda 7.50 au 8.25, rimu zipi zinakubali?

Matoke_Isingiro
Wakubwa, habari za kazi. Naomba ushauri wenye vipimo. Gari ni Canter ya miaka ya 1990, injini 4D33, nyuma matairi pacha, nati sita kila gurudumu. Sasa imevaa 7.00R16 ya plai 12 (daraja la nguvu ya tairi) pande zote. Kazi yake ni matoke kutoka Isingiro hadi Kampala: vipande vya muramu mashambani, halafu lami ya Mbarara na Masaka. Nataka matairi makubwa kwa sababu mbili: difu (bonge la gia katikati ya eksili ya nyuma) inagusa katikati ya barabara iliyochimbika, na matairi ya nyuma yanachoka upesi kwa uzito. Nachagua kati ya 7.50 na 8.25. Je, rimu zibaki hizihizi?

Fundi_Ndeeba
Kabla ya kutaja tairi, lala chini usome rimu. Kwenye diski, karibu na matundu ya nati au dirisha la mkono (uwazi mkubwa kwenye diski), kuna mhuri uliogongwa. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Utakuta kitu kama 16×5.50F-115-8t. Maana yake: kipenyo inchi 16, upana wa ndani inchi 5.50, F ni umbo la ukingo, 115 ni ofseti kwa milimita (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wa diski unaoegemea), 8t ni unene wa diski milimita 8. Hiyo namba ya 115 ndiyo itakayotoa jibu, kuliko hata ukubwa wa tairi lenyewe.

Ukiwa hukohuko pima vitu vitatu na tepu, gari likiwa na mzigo:
nafasi kati ya tairi la ndani la nyuma na springi;
pengo kati ya tairi mbili pacha, juu na chini pale linapokanyaga;
mbele, nafasi kati ya tairi na rodi ya stelingi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kushoto na kulia.

Lori_Mbale
Ssebo, ningependa kuongeza. Rimu ya 5.50F imo kwenye orodha ya rimu zinazokubaliwa kwa 7.50R16, ingawa rimu yake halisi ni 6.00G. Kwa hiyo tairi litakaa na halitatoka. Huku Mbale Canter nyingi zimevaa hivyo na zinapanda Kapchorwa kila siku.

Fundi_Ndeeba
Ni kweli kwamba tairi moja litakaa kwenye rimu hiyo. Swali la pacha ni tofauti: je, tairi mbili zitakaa jirani bila kugusana? Tupige hesabu hapa, kwa kuwa hapa ndipo pesa ya watu inapoungua.

Nyuma, rimu mbili zimegeuziana mgongo, diski kwa diski. Umbali kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya la pili ni ofseti mara mbili. Ofseti 115 inakupa milimita 230. Kutoka hapo toa upana wa tairi lililojazwa upepo:

7.00R16 lina upana wa takriban mm 200. Pengo: 230 − 200 = 30.
7.50R16 lina takriban mm 215 kwenye rimu ya 6.00. Kwenye 5.50 linabanwa, linakuwa kama 210. Pengo: 230 − 210 = 20.

Mm 20 juu inaonekana salama, mkono unapita. Sasa shuka chini pale tairi linapokanyaga. Likibeba mzigo ubavu unavimba kama mm 8 hadi 10 kila upande. Mbavu mbili zinazotazamana zinakula hadi 20, yaani pengo lote. Upepo ukipungua kidogo, au barabara ikiinamisha gari, mbavu zinasuguana. Kila mzunguko zinasuguana. Mpira unapata joto, nyuzi za ndani zinaachana, na tairi linapasuka kwa ndani mahali ambapo dereva haoni. Ukiona Canter yenye ubavu uliong'aa kama umepigwa msasa, mstari mmoja wa duara kuzunguka tairi lote upande wa ndani wa pacha, tafsiri yake ni hiyo. Watu hulaumu tairi la bei rahisi, na kumbe ofseti ndiyo iliyolimaliza.

Hata tope lina hesabu yake. Pengo likiwa dogo, udongo wa muramu uliolowa unajaa katikati, unakauka, unakuwa tofali linalosugua pande zote mbili.

Lori_Mbale
Nimekuelewa. Basi dawa ni rimu ya 6.00.

Fundi_Ndeeba
Rimu ya 6.00 yenye ofseti inayofaa. Ile unayotafuta imeandikwa 16×6.00GS-127 au 16×6K-127. Hesabu: 127 × 2 = 254. Toa 215, unabaki na mm 39 juu, na kama 20 chini likiwa na mzigo. Hapo pacha zinapumua. Ukinunua 6.00 bila kusoma ofseti utakuwa umerudi palepale.

Na tafadhali msikubali dawa mbili za mkato. Ya kwanza ni kuweka sahani ya chuma katikati ya rimu ili kuongeza pengo. Nati ya ndani inapoteza nyuzi za kushika, na diski mbili haziegemei tena uso kwa uso. Ya pili ni kukata diski na kuichomelea upya mahali pengine kwenye rimu. Mafundi wa Katwe wana mikono hodari ya chuma, nawaheshimu, lakini weldi ya rimu inapigwa na mzigo mara mia kadhaa kwa kila kilomita. Ufa unaanzia hapohapo pembeni mwa weldi.

Matoke_Isingiro
Nimepima leo. Mhuri: 16×5.50F-115-8t, rimu zote sita na ya akiba. Katikati ya tundu la nati hadi katikati ya tundu linalolitazama: mm 222. Tairi la ndani hadi springi: mm 52 upande wa kushoto, 50 kulia. Pengo la pacha juu: 29 hadi 31. Mbele, usukani ukiwa umekatwa kulia kabisa, tairi la kulia liko mm 38 kutoka kwenye rodi. Kushoto kuna nafasi zaidi.

Fundi_Ndeeba
Vipimo safi. Hiyo 222 ni matundu sita ya 222.25, ya kawaida kwa Canter na Elf kubwa (lori la Isuzu), kwa hiyo rimu za 6.00 zenye ofseti 127 zipo kwenye maduka ya spea ya Kisekka na Ndeeba, Kampala.

Ukihama kutoka 115 kwenda 127, kila tairi la nyuma linasogea mm 12 mbali na mwenzake. Ongeza nusu ya upana ulioongezeka, mm 7 au 8. Jumla mm 20. Tairi la ndani linasogea 20 kuelekea springi: 50 zinabaki 30, na likivimba chini zinabaki kama 21. Inatosha. Angalia pia mpira wa breki na bomba lake kwenye eksili, visiwe vimening'inia upande wa tairi. La nje linatoka 20, kwa hiyo gari linapanuka mm 40 kwa jumla. Tazama ukingo wa bodi na bawaba za milango ya pembeni.

Mbele mambo ni kinyume. Rimu ya mbele imegeuzwa, kwa hiyo 127 inalivuta tairi kwenda ndani. Zile mm 38 zinabaki 18, na tairi lenyewe limekuwa refu zaidi, linakaribia rodi kwa pembe. Kwenye nakali ya usukani (kiungo kinachogeuka na gurudumu la mbele) kuna bolti ya kuzuia, yenye nati ya kufungia. Ifungue, iongeze urefu kidogo, kata usukani mpaka mwisho, pima tena. Nisingekubali chini ya mm 20 hapo. Gari litahitaji nafasi zaidi kugeuka. Ni gharama ndogo kuliko tairi kushika rodi kwenye kona.

Kipimo cha mwisho: pandisha gurudumu moja la nyuma juu ya gogo la sentimita 20, gari likiwa na mzigo, uone kama tairi linagusa sakafu ya bodi au madigadi.

Kigezi_Diesel
Niseme la injini na breki. 7.00R16 lina kipenyo cha takriban mm 775, 7.50R16 kama 805, 8.25R16 kama 860. Viwanda vinatofautiana kwa milimita chache, soma karatasi ya tairi lako.

Kutoka 775 hadi 805 ni ongezeko la asilimia 3.9. Saa ya mwendo ikisoma 80, gari liko 83. Na kilomita 100 za kwenye saa hiyo ni kama 104 za barabarani, kwa hiyo oili utaibadilisha umechelewa kidogo ukifuata saa. Kama difu yako ni meno 7 kwa 40, yaani uwiano wa 5.714, sasa gari linajisikia kama lina difu ya 5.5. Injini ya 4D33, cc 4,214, inabeba hilo bila shida. Utapunguza gia mapema kidogo kwenye mlima, basi.

8.25 ni habari nyingine. Asilimia 11. Saa ya 80 ni karibu 89. Difu inajisikia 5.15. Kwenye milima ya Kabale kwenda Kisoro hiyo ni gia nzima imepotea, na klachi ndiyo inayolipa wakati wa kuondoka na mzigo kwenye mwinuko. Breki nazo hazikubadilika: ngoma ileile, silinda ileile, lakini mkono wa tairi (kutoka katikati ya gurudumu hadi barabarani) umerefuka kwa asilimia 11, kwa hiyo kwa kanyagio lilelile nguvu inayofika barabarani inapungua kwa kama sehemu moja ya kumi. Gari lenye tani nne za matoke likiteremka, sehemu moja ya kumi ni kitu kikubwa.

Na kuhusu difu kugusa: inapanda kwa nusu ya tofauti ya kipenyo tu. 7.50 inakupa mm 15. Unene wa kidole gumba. 8.25 inakupa mm 42. Kama sababu kuu ni difu, jua kwamba 7.50 haitakutoa kwenye mtaro. Itakusaidia zaidi kwenye uzito.

Matoke_Isingiro
Mm 15 tu? Nilidhani zaidi. Basi tuongelee uzito.

Kigezi_Diesel
Hapo 7.50 inalipa. Ubavuni kuna namba mbili za mzigo zenye mkwaju, ya kwanza ni tairi likiwa peke yake, ya pili likiwa pacha. Pacha hubeba pungufu kidogo kwa kila tairi kwa sababu hazigawani mzigo sawasawa, na joto halitoki vizuri.

7.00R16 plai 12, mara nyingi 115/110: kilo 1,215 peke yake, 1,060 pacha. Nyuma manne: 4,240.
7.00R16 plai 14, 118/114: 1,320 na 1,180. Manne: 4,720.
7.50R16 plai 14, 122/118: 1,500 na 1,320. Manne: 5,280.

Zaidi ya kilo elfu moja juu ya ulizonazo. Lakini eksili, springi, beringi na breki vimebaki vilevile. Nafasi hiyo ni ya kulipumzisha tairi. Ukiigeuza kuwa mikungu ya ziada, kitakachovunjika kitakuwa jani la springi au stadi (bolti ya gurudumu), na kwenye mzani utasimamishwa vilevile.

Ona pia mstari wa katikati: kama hutaki kugusa rimu kabisa, 7.00R16 ya plai 14 inakupa karibu kilo 480 za nafuu nyuma kwenye rimu zako za sasa. Kwa mtu anayekaa lami zaidi, mimi ningeanzia hapo. Upepo ufuate ubavu: plai 14 nyingi zinataka kPa 770 zikiwa na mzigo kamili, yaani paundi 112, na kibanda cha kando ya barabara chenye kompresa ndogo hakifiki hapo. Nunua kipimo chako.

Karamoja_Haulage
Na mwenye kung'ang'ania 8.25? Huku Kotido na Kaabong udongo mweusi ukinyeshewa, mm 42 ni tofauti ya kupita na kulala njiani.

Fundi_Ndeeba
8.25R16 lina upana wa takriban mm 235 na linataka rimu ya 6.50H. Inakubalika kwenye 6.00G, lakini tazama pengo: kwenye ofseti 127, 254 − 235 = 19. Likivimba, hakuna kitu. Inahitaji ofseti 135 au zaidi: 270 − 235 = 35. Kwa Canter hii, tairi la ndani litakuwa limesogea 20 kwa ofseti na 17 au 18 kwa upana, karibu 38 kwa jumla. Kutoka 50 zinabaki 12, kabla ya kuvimba. Litakula springi. Kwa eksili hii jibu langu ni hapana. Kuna malori mapana zaidi yaliyotengenezwa kwa 8.25, hayo ndiyo yavae.

Kwa udongo mweusi bora 7.50 yenye meno makubwa nyuma, na mbele yenye mistari ya kawaida ili usukani ushike. Miiba ya mgunga haichagui ukubwa, hilo tyubu ya akiba ndiyo dawa.

Elf_Lira
Samahani naingilia. Elf yangu ina nati tano. Fundi anasema rimu za matundu matano zote ni moja.

Fundi_Ndeeba
Si moja. Kuna 5 kwa mm 203.2 na kuna 5 kwa 208. Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jirani, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata 119.4 ni ya 203.2. Ukipata 122.3 ni ya 208. Tofauti ni chini ya mm 3, na spana ndefu inaweza kuilazimisha rimu ikae. Itakaa imepinda, nati zitalegea, matundu yatakuwa mviringo wa yai. Tumia kalipa, tepu haitoshi hapo.

Elf_Lira
Asante. Na zile za 17.5 zisizo na tyubu?

Kigezi_Diesel
Ni nzuri kwa joto, na msumari hautoi upepo wote mara moja. Lakini angalia kimo: 215/75R17.5 ni mm 767, fupi kuliko 7.00R16 yako. Namba ya 17.5 inawadanganya watu. Inayokaribia 7.50 ni 225/80R17.5, kama mm 804. Rimu ni kipande kimoja, kiti chake kimeinama nyuzi 15, na fundi wa pancha wa kijijini mwenye nyundo na vyuma viwili atakukwaruzia ukingo mpaka uvuje. Kwa lami, ndiyo. Kwa mashambani, bado 16 ya ringi ya kufungia (duara la chuma linaloshikilia tairi kwenye rimu).

Matoke_Isingiro
Nimeamua: 7.50R16 plai 14, rimu sita na ya akiba za 6.00-127. Nanunua rimu zilizotumika. Nikague nini?

Fundi_Ndeeba
Soma mhuri wa kila moja, usisome ya kwanza tu. Zinachanganywa kwenye rundo. Diski zote ziwe na unene mmoja. Futa rangi kuzunguka matundu ya nati na kuzunguka weldi ya diski. Ufa huonekana kama uzi mwekundu wa kutu unaotoka tundu moja kwenda jingine au kwenda dirishani. Rangi mpya nzito kwenye rimu kuukuu, kataa mpaka ikwanguliwe. Kiti cha nati kiwe duara safi kama kikombe. Kilichobonyea kwa kulegea hakishiki tena.

Ringi ya kufungia ndiyo inayoua. Iwe ya rimu ileile, isiwe imepinda, na mfereji wake usiwe na kutu ya kumenyeka. Ukiilaza chini ikae bapa. Usigongelee ringi tairi likiwa na upepo, hata kidogo. Jaza ndani ya kizimba cha chuma. Kama hakipo, funga mnyororo mzito kupitia matundu ya rimu na kuzunguka tairi, tumia mpira mrefu wa upepo, simama pembeni, usielekeane na ringi. Na tairi pacha likipasuka barabarani, kabla ya kulegeza nati yoyote toa kiini cha vali kwenye tairi zote mbili, hata lile zima. Rimu iliyopasuka inaweza kuwa imeshikiliwa na nati hizo tu.

Tyubu na flapu (ukanda wa mpira kati ya tyubu na rimu) ziwe za 7.50-16. Tyubu ya 7.00 inavutika inakuwa nyembamba. Kubwa kupita kiasi inajikunja, na kila mkunjo ni pancha inayosubiri. Vali ya tairi la ndani na la nje zitazamane pande mbili za gurudumu, ili mkono ufikie zote kupitia dirisha.

Nati: upande wa kushoto wa gari, ule wa abiria, stadi zina herufi L na zinafungwa kinyume. Nati ya ndani yenye kichwa cha mraba inashika rimu ya ndani, ya nje inashika rimu ya nje. Safisha diski pale zinapogusana, pasiwe na rangi nzito wala tope. Kaza kwa kuruka, iliyo mkabala kwanza, kwa spana ya kupimia nguvu na kipimo cha kitabu cha gari. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia. Kukaza nati ya ndani lazima ulegeze ya nje kwanza, ukaze ya ndani, kisha ya nje, moja baada ya nyingine. Ukikaza ya nje peke yake, ya ndani inaendelea kucheza bila wewe kujua.

Lori_Mbale
Ongeza kulinganisha. Pacha zisizidiane kipenyo zaidi ya mm 6, au mm 19 ukipima mzunguko kwa kamba. Kubwa hubeba mzigo wote, dogo huburuzwa na kuisha meno. Zikitofautiana ndani ya kipimo hicho, kubwa liwe nje, maana barabara imenyanyuka katikati na la ndani tayari limekaa juu. Usichanganye tairi la waya na tairi la uzi kwenye pacha. Soma pia tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka.

Matoke_Isingiro
La mwisho. Nikichelewesha kununua tairi la akiba, 7.00 ya zamani inaweza kushika nafasi kwa muda?

Fundi_Ndeeba
Nyuma, hapana. Tofauti ni mm 30 na kikomo ni 6. Itaning'inia na mwenzake atabeba mzigo wa wawili. Ikikubidi, hamisha 7.50 moja ya mbele ije nyuma, 7.00 na rimu yake ya 115 iende mbele. Usukani utavuta upande huo. Nenda polepole hadi pancha ya karibu, uirudishe. Na pima kikapu cha tairi la akiba chini ya chesisi kabla hujaondoka gereji: 7.50 ni refu kwa mm 30, na mnyororo wake mara nyingi haufiki tundu lake la mwisho.